Ukuta wa maboksi ndani ya tela huanza kubomoka chini, si juu: uzi wa wapakiaji

KULI MSTAAFU (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nimepakia vifurushi kwenye matela miaka 11. Halafu goti likagoma, nikahamishiwa upande wa kupakua, na huko ndiko nilikokuja kugundua kuwa miaka yote ile nilikuwa najua nusu ya kazi. Ukitaka kumpima mpakiaji, subiri mlango wa tela lake ufunguliwe baada ya safari ya usiku kucha.

Siku yangu ya tatu kwenye kupakua nilivuta komeo nikiwa nimesimama katikati ya mlango, kama mtu anayemfungulia mgeni. Boksi la nati na bolti lilishuka kutoka usawa wa kichwa, likanipita begani, likapasukia sakafuni. Nati zikatapakaa mpaka chini ya tela la jirani. Nilipopata pumzi nikaingia kutazama kulikoni. Juu palikuwa pamepangwa vizuri tu, mpaka darini, bila nafasi. Chini kabisa, safu ya kwanza, mtu alikuwa ameweka katoni pana yenye kitu laini ndani, nadhani mito, imebonyea kama godoro lililolaliwa na ukoo mzima. Kila kilichokuwa juu yake kilikuwa kimehamia mlangoni.

Tuanze na hiyo safu ya chini basi, maana ndiyo inayoharakishwa kuliko zote. Tela likiwa tupu kila mtu ana nguvu na nafasi ni kubwa, kwa hiyo anatupia chochote kinachokuja. Safu ya chini inataka maboksi mazito, yenye pembe nne zilizo hai, yanayokaribiana kimo. Yaegemeze ukuta wa mbele wa tela, kutoka ubavu huu mpaka ule, yabanane kiasi kwamba kiganja hakipiti katikati. Ukimaliza, uso wake wa juu uwe kama meza. Kisha safu ya pili ikalie maungio ya ile ya kwanza, boksi moja juu ya mawili, kama fundi mwashi anavyopanga tofali. Usipofanya hivyo hujajenga ukuta. Umesimamisha nguzo saba au nane ambazo hazijuani, na tela likipiga tuta kila moja inaangukia inakotaka.

Vyepesi vinapanda juu. Mifuko ya plastiki, bahasha nene na vitu visivyo na umbo haviingii katikati ya ukuta hata kidogo, vinajaza pengo la juu kabisa chini ya dari. Mabomba, fito na mazulia yaliyoviringishwa yalazwe sakafuni kando ya ubavu, kufuata urefu wa tela. Ukiyasimamisha yatakuja kumwangukia mtu.

Halafu kuna hewa. Tela la vifurushi mara nyingi hujaa nafasi kabla halijajaa uzito, kwa hiyo kinachosafirishwa bure ni hewa. Chukua tela la mita 13.6, lile la kawaida la Ulaya, upana wa ndani kama mita 2.48. Acha sentimita 30 tu chini ya dari, kuanzia mbele mpaka mlangoni. Katoni ya sentimita 40 kwa 30 kwa 30 ingeingia mara 34 kwa urefu na mara 8 kwa upana. Ni katoni 272 ulizoziacha sakafuni kwa sababu hukutaka kunyoosha mkono. Sasa watu wanaita gari la pili.

Mwisho wa sehemu yangu, mwili. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ina kanuni ya kunyanyua mizigo waliyoirekebisha mwaka 1991. Inaanzia kilo 23, na hizo ni pale kila kitu kiko sawa: mzigo uko karibu na mwili, kimo cha kati ya goti na kiuno, hujipindi, hurudii mara nyingi. Kila kinachoharibika kinapunguza hizo kilo. Mzigo ukiwa sentimita 25 kutoka kwenye vifundo vya miguu unabaki na 23 zako. Ukiusogeza mpaka sentimita 50, kwa kunyoosha mikono, zimebaki 11 na nusu. Boksi ni lilelile. Ndiyo maana wale wanaorusha kwa mikono iliyonyooka wanazeeka mapema.

Kwa hiyo sogeza miguu, usisokote kiuno. Lipime boksi kwanza kwa kulisukuma kidogo kabla hujalikumbatia, maana ukubwa wa katoni ni mwongo mkubwa. Shika pembe mbili zinazokabiliana kwa mshazari, moja chini na moja juu, mkono wa chini ubebe na wa juu uongoze.

Karibuni mnikosoe. Nimeandika kutoka kichwani.


ZAMU YA USIKU

Shikamoo mzee. Mimi nina wiki ya sita tu kwenye hii kazi. Unayosema nayaelewa, ila mkanda unaoniletea vifurushi hauniulizi. Dakika 20 za kwanza unaleta mifuko laini na vibahasha tu, maboksi mazito yanakuja baadaye. Hapo safu ya chini naijenga na nini?


KULI MSTAAFU

Marahaba kijana. Swali zuri sana, na ndilo linalowashinda wengi.

Kwanza, mifuko usiijenge. Tafuta gunia kubwa au kasha, itie humo, liweke pembeni nyuma yako pasipo njia ya kupita. Utaimwaga juu ya ukuta ukishafika darini.

Pili, usijenge ukuta mmoja mpaka uishe ndipo uanze wa pili. Jenga kwa ngazi. Ukuta wa ndani ukifika kifuani, anza safu ya chini ya ukuta unaofuata mbele yake, upande wa mlangoni. Hapo unakuwa na sehemu mbili za kuweka kitu kwa wakati mmoja: zito likija linaenda chini mbele, jepesi likija linaenda juu nyuma. Mkanda ulete unachotaka, wewe una mahali pake. Bila ngazi utaweka zito juu kwa sababu tu huko ndiko kuna nafasi.

Lakini ngazi hiyo ni ya maboksi, si ya miguu yako. Usiipande. Ukihitaji kimo, kuna jukwaa dogo la kukanyagia. Na usikanyage rola za mkanda hata kama umeziona zimesimama.


FUNDI KATONI

Mkuu Kuli, nakubaliana na mengi ila kuna mahali umepitisha kama sheria na si sheria. Mimi nimefanya kazi kiwandani tunakotengeneza makatoni, si kwenye matela.

Katoni ya karatasi ngumu yenye mawimbi ndani inabeba uzito kwenye pembe zake nne za wima. Katikati ya ubavu ni dhaifu, ukibonyeza kwa kidole inaingia. Ukipanga kama tofali, pembe ya boksi la juu inakalia katikati ya boksi la chini, yaani umeitoa kwenye nguzo ukaiweka kwenye pazia. Mpango huo unaweza kuipunguzia katoni hata karibu nusu ya nguvu yake ya kubeba. Kwa katoni zinazofanana, juu ya paleti (kichanja cha kubebea mzigo), sisi tunapanga pembe juu ya pembe, safu ya juu tu ndiyo tunaisokota ili ishike nyingine, halafu tunazungushia plastiki.

Na unyevu msiusahau. Katoni iliyonyeshewa jana, hata ikikauka, siyo ile tena.


KULI MSTAAFU

Fundi, hapo umenishika. Sikuwa nimelifikiria kwa upande wa katoni yenyewe, nimezoea upande wa ukuta kuanguka.

Ila tutenganishe. Wewe una katoni 60 zinazofanana, paleti, na plastiki ya kufungia. Sisi tuna vifurushi 1,200 ambavyo hakuna viwili ndugu, na hakuna plastiki. Nguzo ya vitu vyenye vimo tofauti haisimami hata kabla gari halijawashwa. Kwetu tofali inabaki, lakini nachukua hili kwako: ikitokea mzigo wa mteja mmoja, katoni zote za aina moja, zipangwe pembe juu ya pembe, zikiwa zimebanwa na ukuta wa tela upande mmoja. Na kwenye tofali, dhaifu isiwekwe chini ya kiuno.


DEREVA WA TELA

Naomba niseme ya kwetu tunaokaa mbele, maana nyie mkishafunga mlango mnaenda kulala.

Moja. Nikikanyaga breki ya ghafla, mzigo haujui kuwa nimekanyaga. Kiwango cha Ulaya cha kufunga mizigo, EN 12195-1, kinataka mzigo uzuiwe kwa nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wake kuelekea mbele, na asilimia 50 kuelekea pembeni na nyuma. Tani moja inasukuma mbele kama kilo 800. Ukuta wa maboksi ukiwa umebana ukuta wa mbele wa tela, hiyo nguvu inapokelewa. Mkiacha nafasi ya mita nzima mahali fulani katikati kwa sababu "tutajaza baadaye", mzigo unapata uwanja wa kukimbilia.

Mbili. Tela likijazwa nusu, msilipange lote mbele wala lote nyuma. Uzito ukizidi nyuma, kichwa, yaani gari linalovuta tela, kinanyanyuka na matairi yangu ya kuvuta yanakosa kushika barabara. Ukizidi upande mmoja, kwenye kona naona kioo cha pembeni kinataka kusalimia lami. Na nusu tela linataka kizuizi mwishoni: fito za chuma zinazobanwa ubavu kwa ubavu, au mikanda ya kufungia mzigo. Shusheni kimo cha ukuta wa mwisho kwa ngazi, usiishie kama ghorofa.

Tatu, na hii naomba muisome polepole. Kabla hujaingia ndani ya tela, shuka uangalie matairi. Kabari zipo? Kila foklifti inapoingia na kutoka tela linasogea kidogo kidogo kutoka jukwaani, na siku moja bamba la daraja, lile la chuma linalounganisha jukwaa na tela, linakosa pa kukalia. Na kama kichwa kimeondolewa, tela limesimama kwa miguu yake tu, foklifti yenye mzigo ikienda mpaka mbele kabisa inaweza kulilaza pua. Kuna stendi za chuma za kuwekwa chini ya pua. Ziwekwe.

Mimi huwa natoa funguo za gari namkabidhi msimamizi wa mlango. Nikizitaka, anaingia ndani kuhakikisha hakuna mtu. Wengine wananicheka.


BI LEBO

Hatucheki kaka. Kwetu dereva aliondoka na kuli ndani, akagundulika getini kwa kugonga bodi. Alikuwa kijana mwembamba amejikunja nyuma ya ukuta akitafuta skana yake ya kusomea lebo.

Mimi niko kwenye kuchambua vifurushi, kwa hiyo maumivu yangu ni mengine. Kifurushi kinachoingia tela ambalo si lake ni kibaya kuliko kilichopasuka. Kilichopasuka kinajulikana kiko wapi. Angalieni lebo kabla ya mkono wa pili kugusa boksi, siyo baada ya kulipanga. Na lebo itazame juu au imtazame anayekuja kupakua. Ukiigeuzia ukutani, mwenzako atalizungusha kila boksi kulitafuta jina.

Tela lenye vituo vingi lipakiwe kinyume: wa kwanza kushusha aingie wa mwisho. Tunalijua wote, halafu saa ya mwisho inakuja shehena iliyochelewa ya kituo cha mwisho, inawekwa mlangoni. Dereva anashusha na kupakia upya kila kituo. Kama hakuna namna, iwekeni upande mmoja tu wa mlango kwa urefu, njia ibaki.

Alama za picha kwenye katoni zisomwe: mishale miwili ni juu kubaki juu, glasi ni kitu cha kuvunjika, mwavuli ni kisinyeshewe. Na ukiona boksi limelowa kutoka ndani, lina harufu, limevimba au lina joto mkononi, usilipanguse wala usilisukumie kwenye kona. Liache, sogea, ita aliyefunzwa. Lebo ya mraba uliosimama kwa pembe, yenye mistari myeusi ya wima nusu ya juu na tarakimu 9 chini, ikiwa na picha ya betri, ndani kuna betri za lithiamu. Katoni ya hivyo iliyopondeka haipandi tela.


KICHWANGUMU

Mmeandika kitabu. Sasa twendeni kwenye ukweli: supavaiza anasimama mlangoni na saa. Anataka idadi kwa lisaa. Ukianza kuchagua pembe hai na pembe mfu, ukasukuma boksi kulipima, ukasoma lebo, mkanda umeshajaa mpaka juu na jina lako limeshaandikwa. Wanaofuata haya yote ndio wa kwanza kutolewa. Mimi natupia, nafunga mlango, nakwenda.


KULI MSTAAFU

Kichwangumu, sikukatalii kuhusu supavaiza. Nimeishi naye. Lakini hebu tupige hesabu yako.

Tuseme unapakia 300 kwa saa, zamu ya saa 4. Vifurushi 1,200. Tuseme kwa wastani kilo 8. Umenyanyua kilo 9,600, karibu tani 10, kwa mikono miwili. Sasa kila boksi unalolishusha sakafuni kwa sababu hukuwa na mahali pake, kisha ukaliokota tena, umelinyanyua mara mbili. Ukifanya hivyo kwa robo tu ya mzigo umejiongezea tani 2.4 ambazo hakuna anayezihesabu. Na ukuta ukibomoka mara moja katikati ya zamu, unaokota maboksi 60 mgongo ukiwa umepinda, mkanda ukiendelea kukujazia.

Niliowahi kuwaona wakiwa na idadi kubwa hawakuwa na mbio. Walikuwa wanagusa boksi mara moja. Jicho liko kwenye boksi la tatu linalokuja, mkono uko kwenye la kwanza. Kusoma lebo na kulisukuma kidogo ni kitendo kimoja kwao, wakati linateleza kuja. Na walisimama hatua moja tu kutoka kwenye ukuta. Mkanda wa kurefushwa wakiusogeza ndani kila ukuta ulipoisha. Wewe, nakukisia, unaacha mkanda nyuma halafu unatembea. Hatua 4 kwenda, 4 kurudi, mara 1,200.

Mkanda ukijaa, kuna kamba au kitufe chekundu. Kipo kwa ajili yako. Boksi likikwama usilipige teke wala usilivute huku mkanda unatembea.


KICHWANGUMU

Hatua 4 umekisia vizuri. Ni 5.


MREMBO WA GHALA

Mzee Kuli, dari na sisi wafupi? Mita moja na nusu na kitu. Safu mbili za juu mimi natupia kama mpira wa kikapu.


KULI MSTAAFU

Dada, usitupie. Kitu kinachotupwa juu kinarudi kikiwa na hasira. Tumia jukwaa la kukanyagia, na upange mapema kwamba safu mbili za juu ni za mifuko na katoni za chini ya kilo 3 au 4, siyo kwamba zikifika ndipo uanze kutafuta. Kama mko wawili kwenye tela, mrefu achukue juu nawe uchukue chini na kati, mbadilishane baada ya saa, maana chini nako kunachosha. Kizito kuliko uwezo wenu kinabebwa na wawili au na troli. Hakuna tuzo.

Na joto. Bodi la bati likipigwa na jua ndani ni tanuri. Maji yanywewe kabla kiu haijaja. Ukiona umeacha kutoka jasho na kichwa kinazunguka, toka nje, usimalizie ukuta.


MPAKUAJI WA KUDUMU

Nimefurahi mtu hatimaye katukumbuka. Nyongeza moja kwa wenzangu: mlango wa bawa unafunguliwa bawa moja, ukiwa nyuma yake, mwili umeegemea bawa, unalifungua kiasi cha kuchungulia. Ukihisi linasukumwa kutoka ndani, rudisha, ita mtu. Ule wa kujikunja kwenda juu, inua kimo cha kiganja, angalia, simama pembeni.

Na msivute boksi la katikati ya ukuta kwa sababu ndilo mnalolitafuta. Shusheni kutoka juu.


ZAMU YA USIKU

Wakuu, nimerudi na mrejesho wa jana. Nimejenga kwa ngazi. Kuta mbili za kwanza zimesimama vizuri mno, mpaka nikaita mwenzangu aje aone. Ya tatu imelala wakati nafika shingoni. Iliniangukia miguuni, buti zina chuma mbele kwa hiyo niko mzima. Nilifuata kila kitu, safu ya chini ilikuwa mizito tupu. Sijui nimekosea wapi.


KULI MSTAAFU

Kati ya safu ya tatu na ya nne uliweka nini?


ZAMU YA USIKU

Ngoja nikumbuke. Kulikuwa na kishimo upande wa kushoto, maboksi hayakulingana kimo. Nikajaza kwa mifuko miwili ya nguo ili pawe sawa, halafu nikaendelea juu.


KULI MSTAAFU

Ndiyo hiyo. Plastiki juu ya plastiki ni sabuni, na nguo zinabonyea. Safu ya nne nayo ni safu ya chini ya ile ya tano. Kishimo kizibwe na boksi la kimo hichohicho, na kama halijaja, hamia ukuta wa mbele yake ulisubiri. Leo usiku utaniambia.